Kiti cha Dirishani

Edmonton, Kanada
10 Januari 1982

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Keti kwanza ndipo usome. Tiketi yako imetoka! Tarehe tatu Aprili utapanda ndege Nairobi, ushuke London, upande nyingine mpaka hapa kwangu. Mkweo Ndolo anakuja huko wiki hii. Chuo kimemtuma kuchukua udongo wa mashamba ya kwao Tawa aupime, na siku hiyo ya Aprili ndiyo atakuwa anarudi. Kwa hivyo hutasafiri peke yako, na mimi nitapata usingizi.

Tumbo sasa lina miezi mitano. Wale wawili wa kwanza hawakufika hapa, unajua, na mara zote mbili niliamka hospitalini nikautazama mlango nikidhani utaingia. Daktari anasema huyu ameshika vizuri. Na aseme. Mimi namngoja mama yangu. Ukiwa hapa nitazaa. Usipokuwa hapa, Mwaitu, naogopa hata kuliandika.

Sasa nisikilize, maana safari ni ndefu na mimi niliifanya vibaya mwaka ule nilipokuja, nikashuka kama mtu aliyepigwa. Kipande cha kwanza peke yake ni karibu saa tisa, umekaa tu. Vaa lile gauni lako pana la maua, si suti ya kanisani, maana mkanda wa kiti utakubana. Miguu huvimba ukikaa sana, kwa hivyo nakutumia soksi za sufu; ukishaketi vua viatu uvae hizo. Sweta ibebe mkononi, mle ndani baridi ni ya Kilungu mwezi wa saba. Ndege ikipanda, masikio yataziba. Usiogope, tafuna peremende umeze mate, yatafunguka. Kula kidogo kidogo. Maji kunywa kila ukipewa hata kama huna kiu, hewa ya mle inakausha mtu. Na usikae kama umepigiliwa misumari! Kila saa inuka, tembea mpaka nyuma, urudi.

Wale wasichana wa ndege wakikuuliza kitu kwa Kiingereza na hujaelewa, tabasamu useme "yes, thank you". Hawana ubaya.

Nimekuombea kiti cha dirishani. Pale utaegemeza kichwa ulale, na kukipambazuka utaona mawingu yakiwa chini yako. Utamsimulia shangazi Mbula mpaka achoke.

Machungwa usilete, watayatupa. Leta unga wa wimbi, wa uji wangu nikishazaa.

Mwanao,
Mutindi


Kilungu
3 Februari 1982

Kwa mtoto wangu Mutindi,

Mimi ni mzima, kuku ni wazima, mbuzi mmoja amekufa lakini alikuwa mzee. Hii barua naandika mimi mwenyewe. Mwalimu Jonah wa ngumbaru ameniketisha darasani, anataka niandike Kiswahili kwa sababu ndicho anatufundisha, na nikimaliza anasoma kutafuta makosa halafu anaandika bahasha. Ukiona nimeandika vizuri sana ujue ni yeye.

Maneno yako ya ndege nimeyasoma mara tatu. Aiya! Kwani hiyo ni safari ama ni ugonjwa? Soksi, peremende, maji, tembea, keti, tembea tena. Mbula amecheka mpaka akashika ukuta. Lakini mimi nafanya kama umesema. Kila jioni naketi kwenye kiti cha marehemu baba yako, najifunga mshipi wake kiunoni, nakaa hivyo mpaka redio imalize habari, ili nizoee. Juzi Mbula alinikuta hivyo akadhani nimerukwa na akili, akaanza kuomba kwa sauti.

Nina swali moja. Choo kiko wapi humo ndani? Usicheke. Mwalimu amekohoa alipofika hapa lakini nimemwambia asifute.

Nimefurahi kwamba mkwe wangu atakuwa ndege hiyo hiyo. Yeye atakaa mbele na wanaume, mimi nitakaa nyuma na wamama, kama kanisani. Kukiwa na neno atamtuma mtu aniambie. Hapo tutasafiri kwa heshima yetu.

Huyo mtoto mwambie atulie hapo alipo. Wale wawili walienda bila mimi kuwaona, na mpaka leo nikiwa peke yangu shambani nawafikiria, sitakuficha. Huyu nitamwona. Hata ukiniambia nije kwa miguu nitakuja.

Mama yako,
Kaluki

Dada Mutindi, ni mimi Jonah mwalimu, mama ametoka nje kidogo. Kuna jambo hajakuambia. Mwezi uliopita alianguka kwenye matuta akichuma machungwa, na mguu wa kushoto umevimba kutoka goti mpaka kifundo. Zahanati walimfunga bendeji wakamwambia asikae kitako muda mrefu. Ameniambia nikisema atahama darasa. Nisamehe kwa kusema.


Edmonton
20 Februari 1982

Mwaitu,

Kwa hivyo ungepanda ndege na mguu umefungwa bendeji, mimi niko hapa sijui kitu! Usimlaumu Mwalimu, amefanya vizuri. Mimi nimekasirika, na sitaficha.

Nimemwuliza daktari wangu. Amesema mguu kama huo ukikaa bila kusogea saa nyingi, damu inaweza kulala ndani yake ikaganda, na hilo ni jambo baya sana. Amesema anayeweza kungoja angoje. Nilianza kukuandikia kwamba usije. Nililiandika hilo neno mara mbili nikalikata mara mbili. Siwezi, Mwaitu. Mtoto anacheza sasa, usiku namhesabu anavyopiga teke, na asiponipiga natoka jasho. Njoo tu. Lakini njoo kwa masharti yangu.

Yale niliyosema ya kutembea na kunywa maji sasa si ya kujifurahisha. Ni dawa. Kila saa, Mwaitu. Ukiwa umeketi kanyaga chini kama unayekanyaga cherehani, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Na usikunje mguu mmoja juu ya mwingine.

Choo kiko nyuma, mlango mdogo, unasukuma katikati unakunjika.

Na viti nimevipanga upya. Nimepiga simu ofisi ya ndege. Wewe dirishani, Ndolo kando yako, ili akuangalie mguu na maji. Najua utakavyosema. Kwamba mkwe haketi na mama mkwe, hali mbele yake, hampi mkono, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Najua, nimezaliwa hapo. Hiyo nthoni iacheni Kilungu kwa siku moja. Huko angani hakuna mtu anayewajua.

Mutindi wako


Tawa
12 Machi 1982

Mutindi mke wangu,

Udongo wote nimeufunga kwenye mifuko. Mvua haijaja, watu wanatazama juu tu. Baba anakusalimu.

Nilipita Kilungu Jumamosi kupeleka tiketi ya mama. Nilikuwa napanda ile njia ya kutoka Nunguni, nikamwona anateremka na kikapu. Aliponitambua aliingia kwenye shamba la mahindi ya watu akasimama huko, amenipa mgongo, mpaka nikapita. Mahindi yenyewe yamekauka, nilimwona mzima mzima, lakini nilitazama mbele kama inavyotakiwa. Anachechemea. Tiketi niliiacha kwa shangazi Mbula, na kila neno nililotaka kumwambia mama nilimwambia Mbula, naye akaingia jikoni akamwambia, akatoka na jibu.

Ndiyo sababu naandika. Ile barua uliyoniandikia ya viti na mguu nimeisoma. Mutindi, umekaa huko miaka sita, na mimi nimekaa nawe, huko tunaishi kama wenyeji wa huko. Lakini yule ni mama yako na mimi ni mkwe wake. Tangu nikuoe sijawahi kuwa naye chini ya paa moja. Sasa tukae bega kwa bega saa tisa? Hatalala mbele yangu. Hatavua viatu mbele yangu. Naona mimi ndiye nitakuwa mzigo wake, wala si msaada.

Waombe wale wa ndege wamweke na mama mwingine yeyote, mimi nikae viti viwili nyuma yake. Nitamtuma mhudumu kwake kila saa. Mbula anasema mama amenyamaza kabisa juu ya jambo hilo, na mama yako akinyamaza huwa ameshaamua kitu.

Nijibu haraka.

Ndolo


TELEGRAMU
28 MACHI 1982
NDOLO, TAWA

VITI VIBAKI. MGUU KWANZA. NTHONI BAADAYE. USITOKE KANDO YAKE. MUTINDI


London
6 Aprili 1982

Mutindi,

Kwa simu nilikuambia tu kwamba ametutoka, halafu nikasikia umeanguka na yule jirani yako akachukua simu. Anasema wewe na mtoto mko salama, nimemwuliza mara tatu. Sasa niandike yote, usije ukayasikia kwa mtu mwingine.

Pale uwanjani Nairobi nilimwomba karani atutenganishe. Alitazama karatasi zake akasema familia yenyewe imeomba wakae pamoja, na ndege imejaa. Ningeweza kumwomba abiria mwingine tubadilishane. Nilikuwa na telegramu yako mfukoni. Nikasema basi.

Mama aliingia akaketi dirishani. Alijifunga mkanda mwenyewe bila kuonyeshwa, yule msichana wa ndege akamsifu. Halafu akavuta leso mpaka usoni akageukia dirisha. Mimi nikageukia njia. Koti langu nililiweka katikati yetu. Hivyo ndivyo tulivyotoka Nairobi mpaka London.

Chakula kikaja. Hakula kwa sababu mimi nipo. Sikula kwa sababu yeye yupo. Sahani zikapoa zikaondolewa. Maji yalikuja nayo, mara nyingi. Sikutazama kama alikunywa. Nilijiambia kwamba kumtazama mama mkwe akinywa ni kukosa adabu. Lakini kikombe kilipita mbele yangu kikirudi, na kilikuwa kimejaa, na nilikiona. Nilijifanya sikukiona.

Usidhani niliusahau mguu. Niliinuka mara nne nikaenda kusimama nyuma karibu na choo, kila mara nusu saa, ili apate nafasi ya kutoka. Lakini sikuweza kumwambia kwa nini naondoka. Utamwambiaje mama mkwe aende chooni? Nilisimama nikitazama ile njia, nikiomba Mungu nione leso yake. Hakutoka. Nafikiri aliogopa tutakutana ana kwa ana mle katikati, ambapo hakuna shamba la kuingia.

Mara ya nne nilimwomba mhudumu amwulize kama anaumwa, kama angependa kutembea kidogo. Akaenda, akainama. Nikamwona mama ameinua uso na kutabasamu. Mhudumu akarudi kwangu amefurahi. Akasema, mama yuko sawa kabisa, amesema "yes, thank you".

Mutindi, mimi Kikamba ninacho. Ningemwuliza mwenyewe.

Tuliposhuka nilitangulia hatua kama kumi. Kwenye ule ukumbi wao mrefu nikasikia kitu kimeanguka nyuma, nikadhani ni mzigo wa mtu. Nilipogeuka alikuwa chini. Nilimwinua kichwa nikamweka kwenye mkono wangu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumgusa mama yako. Alinitambua. Alikuwa anatafuta hewa, na huku anatafuta hewa mkono wake ulikuwa unavuta leso ajifunike uso nisimwone. Daktari alikuja mbio, lakini hakukuwa na la kufanya. Amesema damu iliganda mguuni, kipande kikapanda mpaka mapafuni alipoanza kutembea.

Alikuwa amevaa soksi zako. Na viatu juu yake, amevifunga kamba. Ilibidi wavikate.

Namrudisha nyumbani Ijumaa. Unga wa wimbi ninao.

Ndolo


Edmonton
17 Aprili 1982

Ndolo,

Mmemzika Jumatano, shangazi Mbula amenipigia simu kutoka Nunguni. Mimi nilikuwa nimelala kitandani miguu juu, kama daktari alivyosema, nikitazama dari. Mama yangu anawekwa chini na mimi natazama dari.

Nimeisoma barua yako. Unaandika vizuri. Umeeleza kila kikombe kilichopita. Kwa nini hukukishika? Una digrii mbili, umefundisha ukumbi wa watu mia tatu, na hukuweza kumwambia mwanamke mmoja kwa lugha yake mwenyewe, mama, kunywa maji? Ulimtuma mzungu! Ulisimama karibu na choo ukimwomba Mungu afanye kazi uliyopewa wewe.

Ulimwona akichechemea. Nilikwambia damu inaweza kuganda. Ulijua, ukageuza mgongo, ukaita mgongo wako heshima. Basi heshima yako imebaki nzima na mimi sina mama.

Mtoto hachezi kama zamani. Wanasema amekosa nafasi tu. Mimi siamini mtu tena.

Usiharakishe kurudi. Kaa huko na udongo wako.

Mutindi


Kilungu
27 Aprili 1982

Mutindi,

Barua yako imenikuta hapa kwa Mbula. Kila kitu ulichoandika nilishajiambia mwenyewe. Nilijiambia katika ndege ile ya kurudi, mama akiwa chini kwenye mizigo. Kiti cha kando yangu hakikuwa na mtu. Nililetewa maji na nikayanywa, na nilikuwa naona haya kuyanywa.

Mazishi yalikuwa na watu wengi. Darasa zima la ngumbaru lilikuja na vitabu vyao. Mwalimu Jonah alisoma somo akashindwa kumaliza. Nilikaa nje ya boma, chini ya kilima, kwa sababu mkwe hakaribii kaburi la mama mkwe. Wanaume wa ukoo wenu wakawa wanapanda na kushuka kunieleza kinachoendelea. Nikasikia nyimbo tu.

Baadaye wazee waliniita. Mzee Nzuki, kaka mkubwa wa baba yako, aliniuliza ni nani aliyepanga mama akae kando ya mkwe wake kama mke wake. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu ambaye haelewi. Nikasema ni mimi. Nikasema nilidhani nitaweza kumtunza. Wakatazamana. Wakasema isitoshe nimemgusa, nilete mbuzi. Pasta alikataa, akasema hayo ni ya zamani, lakini nimeleta mbuzi. Nilihitaji mtu anidai kitu.

Telegramu yako niliichoma jikoni kwa Mbula, hapo kwenye mafiga, kabla ya kwenda kwa wazee. Hakuna mtu mwingine aliyeiona. Hakuna atakayekuuliza siku ukija.

Chuo wameniandikia kuuliza narudi lini. Sijawajibu. Nimeona ulichosema, nikae huku. Niambie tu mtoto akizaliwa. Hata neno moja.

Ndolo


Edmonton
12 Mei 1982

Ndolo mume wangu,

Amezaliwa tarehe tatu, saa nne asubuhi, msichana. Yu hai. Ana sauti kama ya muuza samaki. Nimemwogesha mimi mwenyewe, kwa sababu aliyekuwa amwogeshe hayupo. Unga wa uji sina, nakunywa supu ya mkebe.

Nilikuwa sijakuandikia kwa sababu ya hasira. Barua yako ilifika juzi, nikasoma habari ya telegramu na wazee, nikaketi sakafuni. Na jana ikaja barua nyingine. Niliuona mwandiko juu ya bahasha nikadhani naota. Ni ya mama. Aliipeleka posta mwenyewe bila kumwambia Mwalimu, na bahasha zake kila siku Mwalimu ndiye huandika juu kwamba ziende kwa ndege. Yeye hakuandika hivyo, hakujua. Ikaenda Mombasa, ikaja kwa meli, miezi miwili. Nainakili hapa kama ilivyo, maana ile yenyewe siwezi kuiachia mkononi.

"Kilungu, 8 Machi. Kwa mtoto wangu Mutindi. Hii barua Mwalimu haioni kwa hivyo makosa yote ni yangu. Nimesikia maneno ya viti. Nilikasirika siku mbili. Halafu nikafikiria, huyu mtoto anaogopa, wacha nikubali nikae. Lakini kupita juu ya magoti ya mkwe wangu naenda choo, hiyo hapana, hata kama ni wewe umesema. Sasa nimepata njia. Kutoka ile Ijumaa ya kabla ya ndege sitakula na sitakunywa kitu, mpaka nifike kwako. Hapo sitahitaji kutoka hata mara moja. Nimejaribu Alhamisi, asubuhi mpaka giza likaingia, na nimeweza, kichwa tu kilizunguka kidogo. Ndolo usimwambie, ataona haya. Yeye ni mkwe mzuri, hajawahi kunikosea hata siku moja, na wewe ulimi wako naujua, usimgombeze juu yangu. Mguu hauna neno. Maji utaniwekea karibu na mlango, mtungi mzima, nikiingia tu ninywe, halafu ndipo tusalimiane. Mama yako Kaluki."

Umeisoma? Hata ungemgeukia ukamwomba, hangekunywa. Alikuwa ameanza kukauka siku moja kabla hajapanda. Na aliyemfikisha hapo ni mimi. Wewe uliniandikia ukanieleza, polepole, kwa adabu, kila kitu kitakavyokuwa, na nikakujibu kwa maneno tisa ya kukupigia kelele. Mimi ndiye niliyepanga viti. Nimeshamwandikia mzee Nzuki, barua iko posta, nimemwambia ni mimi, na yule mbuzi nilipaswa kumlipa mimi. Hukupaswa kunibebea.

Yale niliyokuandikia mwezi uliopita siwezi kuyafuta. Kuna mengine yalikuwa kweli, ulikiona kikombe, utaishi nacho. Na mimi nitaishi na telegramu. Sijui watu wawili wa namna hiyo wanakaaje nyumba moja. Lakini mtoto hana jina bado. Watu wa hospitali wananisumbua kwa simu kila siku nijaze fomu. Najua msichana wa kwanza ni wa upande wenu, ni jina la mama yako, na sitabisha. Ila njoo umwite wewe, ukiwa umemshika mkononi.

Jana nilijaza mtungi maji nikauweka karibu na mlango. Uko hapo mpaka sasa. Nimeshindwa kuyamwaga.

Rudi. Ukipanda, omba kiti cha kando ya njia. Vua viatu, inuka kila saa, maji kunywa kila ukipewa. Na ukiona aliye kando yako hanywi, mwulize.

Mutindi